DALILI YA MVUA NI MAWINGU, LAKINI SI KILA WINGU HUNYESHA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, mkulima aliyeanika mahindi yake uani hakimbilii kuyaanua kila aonapo wingu. Akifanya hivyo mahindi hayatakauka, yatafanya kuvu tu. Wala hakai kitako akisema mawingu ni ya kila siku. Huinua macho, akatazama kama wingu lile ni jeusi au jeupe, na upepo unatoka upande gani, kisha ndipo akaamua. Hekima hii ya mkulima ndiyo ningependa tuipeleke katika chumba cha kompyuta, maanake huko mawingu ni mengi na wengi wetu hatuyatazami sawasawa.

Nazungumzia zile zana zinazokagua vitegemezi vya programu, na hasa ile tabia yake ya kushtaki wasio na hatia. Maoni yangu nayataja mapema ili mtu asinifuate gizani. Zana inayopiga kengele ya uongo haitupotezei wakati tu, bali inatufunza kuziba masikio. Na dawa yake si kuitii kama kipofu, wala si kuizima. Dawa ni kuichukua kama shahidi na wala si kama hakimu.

KITEGEMEZI NI KITU GANI?

Labda kuna msomaji anayejiuliza, "Huyu naye anasema nini?" Haya basi, tuanze polepole. Siku hizi hakuna mtu anayeandika programu yote peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi wa viti haendi kuchimba chuma ili apate misumari. Huenda dukani akanunua. Vivyo hivyo, mwandishi wa programu akitaka kusoma hifadhidata au kuandika tarehe vizuri, huchukua kipande kilichokwisha kuandikwa na wengine. Kipande hicho huitwa maktaba, na kwa kuwa programu yake inakitegemea, ndicho kitegemezi chake.

Sasa, kitegemezi hicho nacho kina vitegemezi vyake, na hivyo vina vingine. Programu ndogo tu ya kuhesabu alama za mtihani inaweza kujikuta imebeba makumi ya vipande ambavyo mwenyewe hajawahi hata kuvisikia majina. Kikulacho ki nguoni mwako, na mtu asiyejua amevaa nguo ngapi atajikagua vipi? Hapo ndipo zana za ukaguzi zilipoingia. Nyingine huamua ni kipi cha kujengwa upya. Nyingine husema ni kipi hakitumiki kiondolewe. Nyingine husema ni kipi kina ufa ambao mwizi anaweza kupitia. Zote ni za maana sana, na zote hukosea. Ila makosa yake hayalingani uzito, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo.

KENGELE INAYOPOTEZA WAKATI

Mwaka wa 1976, katika maabara za Bell kule Marekani, mtaalamu aitwaye Stuart Feldman aliandika zana inayoitwa make. Inasemekana mwenzake, Steve Johnson, alimjia akiwa amekasirika kwelikweli. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo tayari alikuwa amelirekebisha. Faili ilikuwa imesahihishwa, lakini haikuwa imepitishwa tena kwenye kompaila, kwa hivyo programu iliendelea kubeba kosa lile lile la kale. Feldman akaona afadhali mashine yenyewe ikumbuke ni nini kinachomtegemea nani.

Make hutazama saa. Ikiwa faili uliyoiandika ni mpya kuliko zao lake, basi zao hilo hujengwa upya. Ni werevu mwepisi, lakini una kasoro. Ukifungua faili ukaihifadhi bila kubadilisha hata nukta, saa yake hubadilika. Make itadhani kuna jambo, na itajenga upya kila kitu kinachoitegemea faili hiyo. Hiyo ni kengele ya uongo. Zana nyingine za baadaye, kama vile Bazel ambayo Google iliitoa kwa umma mwaka wa 2015, hazitegemei saa. Hutazama yaliyomo ndani ya faili yenyewe. Yasipobadilika, hazijisumbui.

Kosa la make linachukiza, hasa kwetu ambao kipindi ni dakika 40 na kompyuta moja ina wanafunzi watatu. Hata hivyo hakuna anayeumia. Umengoja, umeboeka, programu imetoka vile vile ilivyokuwa. Nailaumu kidogo tu.

KENGELE INAYOVUNJA NYUMBA

Kengele ya pili ni kali zaidi. Wale wanaoandika kwa lugha ya Java hutumia zana ya kujengea inayoitwa Maven. Ndani ya faili moja unataja vitegemezi vyako vyote. Kisha kuna amri ya kuikagua orodha hiyo, nayo hukuletea majibu mawili: kwanza, vile unavyovitumia bila kuvitaja, pili, vile ulivyovitaja na huvitumii. Jibu la pili ndilo lenye mtego.

Amri hiyo haisomi ulichoandika kwa mkono wako. Husoma baitikodi, yaani kile kinachobaki baada ya kompaila kumaliza kazi. Wenye Maven hawafichi jambo hili. Maelezo yao wenyewe yanakiri kwamba kuna matumizi ambayo ukaguzi wa namna hiyo hauyaoni.

Chukua mfano wa Lombok, maktaba maarufu iliyopewa jina la kisiwa cha Indonesia, si mbali na kile cha Java. Unaweka alama fulani juu ya msimbo wako, nayo Lombok, wakati wa kompaila, hukuandikia sehemu zile za kuchosha ambazo zinajirudiarudia. Kazi ikiisha, alama zile hufutika. Katika baitikodi hakuna jina la Lombok. Mkaguzi anakuja, anatazama, anasema, "Hiki hakitumiki."

Umewahi kuona nyumba ya ghorofa ikijengwa? Mafundi hupiga mbao kwanza, wakamimina zege ndani yake, na zege likishika mbao hung'olewa. Mkaguzi akija mwezi wa pili na kusema, "Sioni mbao yoyote hapa, kwa hivyo pesa za mbao ziliibwa," tutamcheka. Lakini zana ikisema hivyo hivyo, mtu anafuta jina la Lombok bila kuuliza, na programu inakataa kujengwa.

Afadhali huyo, maana ameona kosa papo hapo. Mbaya zaidi ni mambo ya dreva ya hifadhidata. Programu ya Java ikitaka kuzungumza na hifadhidata kama PostgreSQL huhitaji dreva yake. Mara nyingi dreva hiyo haitajwi kabisa ndani ya msimbo ulioandika. Huitwa tu programu inapoanza kutembea. Mkaguzi asipoiona, anaweza kuitia katika orodha ya visivyotumika. Ukiifuta, programu inajengwa vizuri. Hakuna onyo, hakuna chochote. Unafurahi. Kisha inapowashwa mbele ya watu, inasema haioni dreva ifaayo. Hapo sasa! Kumbe kuitii kengele ya uongo kumezaa kosa la kweli.

KENGELE INAYOZIBA MASIKIO

Ya tatu ndiyo inayonifanya nishike kalamu. Hizi ni zana zinazotafuta vitegemezi vyenye udhaifu wa kiusalama. Mojawapo ni Dependency-Check ya shirika la OWASP. Hukusanya majina na namba za matoleo ya vipande vyako, kisha huvilinganisha na orodha kubwa ya udhaifu inayotunzwa na serikali ya Marekani. Taabu ni kuwa majina hufanana. Sote tunajua Otieno si mmoja, na Wanjiku si mmoja. Kipande kisicho na kosa kinaweza kushikwa kwa sababu ya jina la mwenzake tu.

Mfano mkubwa ulitokea Desemba 2021. Maktaba iitwayo Log4j, ambayo programu nyingi za Java hutumia kuandika matukio yake, iligunduliwa kuwa na ufa wa kutisha. Ulipewa namba CVE-2021-44228, na watu wakaubandika jina la Log4Shell. Kwa kipimo cha ukali kinachoishia 10, wenyewe ulipata 10. Mwizi alihitaji tu kuifanya programu iandike maneno fulani katika kumbukumbu zake, kisha aingie na kufanya alitakalo. Dunia nzima ya kompyuta haikulala.

Lakini angalieni hapa. Log4j ina vipande kadhaa. Ufa ulikuwa katika kile kiitwacho log4j-core. Kile kiitwacho log4j-api, ambacho ni kama mlango wa mbele tu, hakikuwa nao. Wenye Apache walisema hivyo. Wenye Spring Boot nao walitangaza kuwa vipande vya Log4j wanavyofungasha kwa kawaida, log4j-api kikiwa kimojawapo, haviwezi kushambuliwa vikiwa peke yake. Ukaguzi unaotafuta jina "log4j" na namba ya toleo tu ulivishika vyote pamoja. Wakati huo huo, log4j-core yenyewe ilikuwa imejificha ndani ya vifurushi vilivyofungwa ndani ya vifurushi vingine, ambako mkaguzi wa majina hawezi kuiona. Yaani asiye na hatia yuko korokoroni, na mwizi mwenyewe yuko jikoni anakula ugali.

Hata mambo madogo yana adha yake. Tangu 2018 watumiaji wa npm, zana ya wale wanaoandika JavaScript, wana amri ya kukagua udhaifu. Mwaka wa 2021 Dan Abramov, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa maktaba ya React, alilalamika waziwazi kuwa amri hiyo ina kasoro tangu ilipobuniwa. Alionyesha maonyo makali juu ya vipande vinavyotumika kwenye kompyuta ya mwandishi peke yake wakati wa kujenga. Ili kushambuliwa, mwandishi angelazimika kujishambulia mwenyewe! Ni sawa na kumwambia mtu aliye peke yake chumbani, mlango umefungwa kwa ndani, ajihadhari na yule mtu aliye chumbani.

Na mtu akionywa hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Alhamisi hatasoma tena. Tuna kitu kama hiki hapa shuleni. Nani asiyeijua orodha ya wapiga kelele? Kiranja mwenye haki akiandika majina matatu, mwalimu huuliza, na walioandikwa hutubu. Kiranja mwingine huandika darasa zima, pamoja na yule aliyeomba kifutio na yule aliyepiga chafya. Mara ya kwanza wote huadhibiwa, na waliokuwa kimya hujifunza kuwa kunyamaza hakuna faida. Mara ya tano mwalimu huikunja ile karatasi bila kuisoma. Siku hiyo ndiyo wapiga kelele wa kweli hufurahi. Orodha inayomshtaki kila mtu haimshtaki mtu yeyote.

WANAOSEMA "HERI KELELE"

Najua kuna watakaonipinga, tena kwa sababu nzuri. Watasema heri kengele mia za uongo kuliko moja ya kweli ikose kulia. Wana mfano pia. Mwaka wa 2017, mwezi wa Machi, ufa ulitangazwa katika maktaba ya Apache Struts. Equifax, kampuni kubwa ya Marekani inayotunza habari za mikopo ya watu, iliendesha ukaguzi kuitafuta katika mitambo yake, na ukaguzi ukasema hakuna kitu. Kitu kilikuwako. Wezi waliingia na habari za watu takriban milioni 147 zikachukuliwa. Hapo zana haikupiga kengele ya uongo. Ilinyamaza kwa uongo, na kunyamaza huko kulikuwa na gharama kubwa zaidi.

Nakubali. Sisemi zana zinyamazishwe. Mtu akinisoma hivyo amenisoma vibaya. Ninachosema ni kwamba hesabu ile ya kengele mia dhidi ya moja imesahau kitu kimoja, nacho ni masikio. Kengele hailii hewani, inalia kwa binadamu. Binadamu aliyesumbuliwa mara mia kwa uongo haisikii ile ya mia na moja, hata ikilia kwa nguvu zote. Kwa hivyo kengele nyingi za uongo na kengele iliyokosa kulia si maadui wawili. Ni ndugu, moja humzaa mwingine.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, tuiweke zana mahali pake. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Sioni kwa nini haki hii isiingie katika mazoea yetu ya kazi. Zana ikisema kitegemezi fulani hakitumiki, au kina ufa, hilo ni shtaka. Uliza ushahidi. Je, kipande hiki huitwa wakati wa kujenga au wakati wa kutembea? Ule ufa uko ndani ya sehemu ninayoitumia? Maneno ya mtu wa nje yanaweza kuufikia?

Pili, tujaribu kabla ya kufuta. Na kujaribu si kujenga tu. Tumeona dreva inavyoweza kumdanganya aliyeishia kujenga. Ondoa kipande, jenga kila kitu upya kuanzia sufuri, kisha iwashe programu na uitumie kama mwenye kuitumia atakavyoitumia.

Tatu, tukimsamehe aliyeshtakiwa bure, tuandike kwa nini. Zana nyingi zinaruhusu. Maven inakupa nafasi ya kutaja kwamba kitegemezi hiki kinatumika hata kama hukioni. Dependency-Check ina faili ya kutolea msamaha, na humo unaweza kuandika sababu pamoja na tarehe ambayo msamaha unaisha. Hiyo tarehe naipenda mno. Msamaha usio na sababu wala mwisho ni sawa na kuizima zana yenyewe, ila umeizima kwa siri. Atakayekuja baada yako hatajua kama ulichunguza au ulichoka.

Nne, na hili nawaelekezea walimu wetu kwa heshima zote, tusipime kazi ya mtu kwa kuhesabu maonyo yaliyobaki. Maven inaweza kuamriwa kukataa kujenga kabisa iwapo kuna onyo la aina hii. Nidhamu ni nzuri, lakini mwanafunzi akiambiwa lazima maonyo yawe sufuri, atafikia sufuri. Atafuta, ataficha, atazima. Afadhali mwanafunzi mwenye maonyo matano anayeweza kuyaeleza moja baada ya jingine, kuliko yule mwenye ukurasa mweupe asiyejua uliwekwaje weupe.

Tano, wale kati yetu watakaotengeneza zana hizi siku moja, nao watakuwepo, wakumbuke kwamba kusema "kuna kosa" hakutoshi. Zana iseme imejuaje. Iseme, "Nimetazama baitikodi pekee," au "Nimelinganisha majina tu." Shahidi anayesema alisimama wapi na kulikuwa na mwanga kiasi gani huaminika zaidi hata akikosea.

Huenda mtu akauliza, haya yote yatatufaa nini sisi wa kidato cha tatu ambao bado tunagombania kibodi? Yatatufaa. Wengine wetu wataandika programu za hospitali, za benki na za kaunti. Mazoea tunayoyashika sasa ndiyo tutakayokwenda nayo huko, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Mtu aliyezoea kubofya "puuza yote" shuleni hatabadilika kwa kuwa amevaa tai. Na aliyezoea kumfuta kila aliyetajwa bila kumsikiliza, hata kazini atafuta kwanza na kuuliza baadaye.

Wingu likitanda, jamani, tusikimbie na tusilale. Tutoke nje tulitazame.